Usalama ni Deni la Dola

Tarehe 6 Mei 2021 wakazi wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki ya Kongo, waliingia chini ya utawala wa jeshi. Rais Félix Tshisekedi alikuwa ametangaza hali ya dharura ya kijeshi katika mikoa hiyo miwili. Magavana wa kiraia waliwekwa kando. Luteni Jenerali Constant Ndima akapewa Kivu Kaskazini, mwenzake Johnny Luboya akapewa Ituri, na kesi za jinai za raia wa kawaida zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Hoja iliyotolewa haikuwa ya kipuuzi. Watu walikuwa wakichinjwa Beni na Djugu, na aliyekwisha kuuawa hana haki ya kukusanyika wala ya kupiga kura. Acheni kwanza tuwalinde, mengine yatafuata. Wako wengi Goma na Bunia walioipokea hatua hiyo kwa matumaini, kwa sababu walikuwa wamechoka kuzika.

Amri ya kwanza ilikuwa ya siku 30. Ikaongezwa, ikaongezwa tena, hata kuongezwa kwake kukawa jambo la kawaida lisilomshitua mtu. Juni 2022 mji mdogo wa Bunagana, mpakani na Uganda, ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Tarehe 30 Agosti 2023 askari wa serikali mjini Goma waliua makumi ya raia waliokuwa wakijiandaa kuandamana dhidi ya vikosi vya Umoja wa Mataifa, na Gavana Ndima akaitwa Kinshasa. Januari 2025 M23 wakauchukua mji wenyewe wa Goma. Meja Jenerali Peter Cirimwami, aliyemrithi Ndima, alikuwa ameuawa kwenye uwanja wa mapambano siku chache kabla.

Raia wa Kivu alitoa vyote alivyotakiwa kutoa: gavana wake wa kiraia, hakimu wake, haki yake ya kuandamana. Alichoahidiwa hakukipata. Je, bado anadaiwa utii?

Swali hilo halikuzaliwa Goma. Ni sehemu ya swali kongwe la falsafa ya siasa: dola ipo kwa ajili ya nini? Jibu lenye nguvu kuliko yote yaliyowahi kutolewa ni kwamba ipo kwa ajili ya usalama, na mimi nalikubali kwa kiasi kikubwa kuliko wanavyopenda marafiki zangu watetezi wa haki za binadamu. Ninachokikataa ni desturi ya serikali zetu kulisoma jibu hilo nusu. Wanasoma ukurasa unaosema raia atii, wanauruka ule unaosema atii kwa malipo gani.

Anayetajwa mara nyingi katika habari hii ni Mwingereza Thomas Hobbes. Alizaliwa Aprili 1588, mwaka ambao Uingereza ilikuwa ikitetemeka kwa habari za manowari za Hispania, na uzeeni aliandika kwa utani kwamba mama yake alijifungua pacha, yeye na hofu. Mwaka 1640, siasa za London zilipoanza kunuka baruti, alikimbilia Paris, wala hakuona haya kusema alikuwa wa kwanza kukimbia. Alikaa huko miaka 11. Nyuma yake nchi ilipigana yenyewe kwa yenyewe kuanzia 1642, na Januari 1649 ikamkata kichwa mfalme wake, Charles I. Kitabu kikuu cha Hobbes, Leviathan, kilichapishwa London mwaka 1651, vita vikiwa ndiyo kwanza vinakwisha.

Watu hudhani Hobbes alisema binadamu ni mwovu. Hakuhitaji kusema hivyo. Alisema tunakaribiana mno katika uwezo wa kudhuriana. Aliye dhaifu kuliko wote anaweza kumuua mwenye nguvu kuliko wote, kwa hila, kwa kuungana na wengine au kwa kumvizia usingizini. Pasipo mamlaka yanayoogopwa na wote, hata mtu mpole hulazimika kuwahi kupiga, maana hana njia ya kujua jirani yake amelala na mawazo gani. Mahali kama hapo halimi mtu, kwa kuwa hajui nani atavuna. Hakuna chombo kitakachong'oa nanga kwenda kuuza ng'ambo, wala mtu atakayekaa chini aandike kitabu. Dawa ya Hobbes ni kila mmoja kukubaliana na kila mwenzake kumwachia mtu mmoja, au baraza moja, haki ya kujiamulia, ili huyo awe na nguvu za kutosha kuwalinda wote. Ni mkataba wa raia kwa raia. Mtawala si mmoja wa waliotia sahihi, na kwa hiyo haiwezekani kumshitaki kwamba ameuvunja.

Jalada la ndani la kitabu lina mchoro mashuhuri wa Abraham Bosse. Jitu lenye taji limesimama juu ya milima, upanga mkono mmoja na fimbo ya askofu mkono wa pili, na mwili wake umejengwa kwa watu wadogo wadogo mamia, wote wamemgeuzia uso. Wachache huutazama mji ulio chini yake. Karibu ni mtupu. Kuna askari, na jirani ya kanisa kuu wapo watu wawili wenye vinyago vya midomo ya ndege, vile walivyovaa matabibu wa tauni. Watu wote wamehamia ndani ya mwili wa jitu. Mitaani wamebaki askari na waganga. Sijui kama mchoraji alikusudia kejeli, lakini mchoro huo husema zaidi ya hotuba nyingi za mawaziri wa mambo ya ndani.

Hadi hapo msemaji yeyote wa serikali atapiga makofi. Afungue basi sura ya 21. Humo Hobbes anaandika kwamba wajibu wa raia kwa mtawala hudumu muda ule ule ambao mtawala ana uwezo wa kumlinda, na ukiisha uwezo, wajibu nao umekwisha. Anakwenda mbali zaidi. Aliyehukumiwa kifo, hata kwa haki, halazimiki kutulia akinyongwa. Askari anayekimbia vitani kwa woga ametenda jambo la aibu, ila hakuvunja haki. Hakuna awezaye kufungwa na ahadi ya kujishitaki mwenyewe. Sababu ni moja: mtu aliingia mkatabani ili aokoe maisha yake, na mkataba wa kutojitetea ni batili tangu unapoandikwa. Hobbes aliishi alichokiandika. Upande wa mfalme uliposhindwa, alirudi Uingereza akaitii serikali mpya iliyomkata mfalme kichwa, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa ikilinda watu wakati ule. Wafuasi wa mfalme walimwona msaliti.

Kisha kuna sura ya 30, ambayo kwa maoni yangu ndiyo isiyosomwa kabisa. Hapo anaeleza kazi ya mtawala ni usalama wa watu, na papo hapo anatahadharisha kwamba usalama si kubaki hai tu. Anataka kila mtu afurahie mema ya maisha aliyoyapata kwa jasho halali pasipo kuihatarisha nchi. Anadai haki itolewe sawa kwa tajiri na maskini, kodi zigawanywe kwa usawa, sheria ziwe za lazima tu na zieleweke. Wasiojiweza, anasema, walishwe kwa sheria za dola, wasiachwe kutegemea huruma za watu. Huyo ndiye Hobbes wanayemwita baba wa mkono wa chuma!

Kwa hiyo, hata kwa mwanafalsafa aliyempa mtawala madaraka makubwa kuliko karibu wenzake wote, usalama ni deni. Mdaiwa ni dola. Mdai ni mtu mmoja mmoja: mama wa Beni, mfugaji wa Wajir, mkulima wa Kahama. Lakini Hobbes ametuachia tundu kubwa. Amemtaja mdaiwa na mdai, hakutaja mahali pa kudai. Deni lisipolipwa, raia wake amebakiwa na njia mbili, akimbie au apigane. Mtu aliyetoroka vita vya wenyewe kwa wenyewe alipaswa kuliona hilo.

John Locke aliliona. Katika kitabu chake cha kuhusu serikali kilichotoka mwaka 1689 aliwacheka watu wanaojihadhari na vicheche na mbweha, kisha wakaona ni salama kuliwa na simba. Chini ya mzaha huo kuna hoja nzito. Ugonjwa wa maisha yasiyo na dola, kwa Locke, ulikuwa kila mtu kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe. Mtawala asiyeweza kushitakiwa ni hakimu wa kesi yake mwenyewe vile vile. Ugonjwa haujapona, umehamia kwa mtu mmoja, na mtu huyo ana jeshi.

Wasomaji wa Kenya hawahitaji kwenda Uingereza kuutafuta mfano. Kaskazini Mashariki iliwekwa chini ya sheria za dharura mwaka 1963, vita vya Shifta vilipoanza. Mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, iliyozuia watu kufungua madai mahakamani kwa yale yaliyotendwa na maofisa na askari katika eneo hilo kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967, ilimradi yalitendwa kwa nia ya kulinda amani. Angalia ilivyopangwa: dola inadai imelipa deni, na inamkataza mdai kuja na daftari. Vita vilikwisha, dharura ikabaki. Februari 1984 vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, katika operesheni iliyoitwa ya kusaka silaha, na wengi waliuawa hapo. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Sheria za dharura za eneo hilo ziliondolewa mwaka 1991, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuja kuyaandika mauaji hayo katika ripoti yake ya 2013, karibu miaka 30 baada ya tukio.

Tanzania tusijitoe. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilipitishwa mwaka 1962, hata mwaka wa uhuru haujatimia, ikampa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani kwa sababu ya usalama. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliitaja miongoni mwa sheria 40 kandamizi. Tume iliripoti mwaka 1992, miaka 30 kamili baadaye.

Hoja ya upande wa pili naijua, na inastahili heshima. Magaidi hawangoji hati ya mahakama. Baada ya mauaji ya Mandera mwishoni mwa 2014, Kenya ilipitisha haraka marekebisho ya sheria za usalama. Februari 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi ikafuta vifungu vinane, kikiwemo kilichoweka kikomo cha idadi ya wakimbizi. Haukupita muda, 2 Aprili, wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuwaua watu 148. Wapo waliosema: mmeona kazi ya mahakama? Lakini siku ile kikosi maalumu cha Recce kilifika saa kadhaa baada ya risasi ya kwanza, kwa kuchelewa kupata usafiri wa ndege kutoka Nairobi. Katika vifungu vinane vilivyofutwa hakuna hata kimoja kilichohusu kuwa na ndege tayari. Dola ilikuwa ikidai madaraka zaidi huku ikishindwa kutumia vizuri yale iliyokuwa nayo. Mtindo huo nimeuona mara nyingi mno kuuita bahati mbaya: baada ya kila uzembe linaombwa fungu jipya la mamlaka, na uzembe wenyewe hauchunguzwi.

Spinoza, aliyeishi The Hague wakati umati wa watu ulipowararua ndugu wawili De Witt mwaka 1672, alikuwa na kila sababu ya kuogopa ghasia. Hata hivyo, katika maandishi yaliyotolewa baada ya kifo chake mwaka 1677, alisisitiza kwamba kimya cha watu walioshikwa na hofu hakistahili kuitwa amani, na kwamba nchi ya raia wanaochungwa kama kondoo ni jangwa. Miaka mia tatu kabla yake, Ibn Khaldun wa Tunis alikwisha kulieleza jambo hilo kwa jicho la mtu aliyewahi kufanya kazi ikulu. Katika Muqaddimah, aliyoiandika mwaka 1377, anakubali kabisa kwamba wanadamu wanahitaji mwenye nguvu wa kuwazuia wasilane. Kisha anaonyesha dhuluma ya mwenye nguvu huyo inavyoua nchi. Mali zikichukuliwa bila haki, watu hukata tamaa ya kuchuma, mikono hulegea, masoko hudorora, wenye uwezo huhama, na hazina ya mtawala hukauka. Kwa Ibn Khaldun hilo ni suala la hesabu kabla ya kuwa la maadili. Msafiri wa Kivu anayelipishwa kwenye kizuizi cha jeshi, kisha cha waasi, kisha cha jeshi tena, anamwelewa bila mwalimu.

Hapa ndipo ninapopenda kuwapeleka wanaodhani falsafa ya dola ni mali ya Ulaya: Kahama na jirani zake, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, bunduki zilikuwa zimezagaa, uchumi ulikuwa hoi, na wezi wa ng'ombe walikuwa wakivamia vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi usiku na mchana. Polisi walikuwa mbali. Waliokuwa karibu hawakuaminiwa. Wanakijiji waliona mwizi akikamatwa Jumatatu na Ijumaa yuko kilabuni anakunywa. Basi wakajiundia ulinzi wao, Sungusungu. Kila mwanamume mzima alishika upinde na mishale. Kikasikika kilio cha mwano, kijiji kizima kilitoka, na kijiji cha pili kikapokea hadi wezi waliishiwa pa kukimbilia. Viongozi walichaguliwa mkutanoni, na mkubwa wao katika vijiji vingi aliitwa mtemi, cheo ambacho serikali ilikifuta mwaka 1963. Adhabu zilikuwa faini ya ng'ombe au kutengwa. Na aliyetengwa Usukumani hapewi hata moto.

Mwaka 1974 mwanafalsafa Robert Nozick wa Harvard alikuwa amechapisha kitabu akieleza, kwa njia ya kuwaza tu, jinsi dola inavyoweza kuchipuka bila mtu kuikusudia: watu wanaunda vyama vya kulindana, kimoja kinawazidi wenzake, hatimaye kinakuwa dola ndogo yenye kazi ya ulinzi na si zaidi. Kahama jambo hilo lilitokea kweli, na lilikwenda tofauti na alivyowaza.

Kwanza, wanakijiji wale hawakutaka kuwa dola. Walikuwa nayo tayari, walitaka ifanye kazi. Mapolisi na mahakimu waliwakamata baadhi ya viongozi wao, lakini chama tawala na Nyerere mwenyewe wakawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua ndani ya mfumo wa mgambo. Pili, Sungusungu walipata mafanikio makubwa dhidi ya wezi wa mifugo. Tatu, na hili wapenzi wao hawapendi litajwe, baadhi ya makundi yaliwageukia waliodhaniwa wachawi, wengi wao wanawake wazee, na watuhumiwa wakateswa na wengine kuuawa. Mkono uliokamata ndio uliohukumu na ndio uliopokea faini. Locke angesema nilijua. Hobbes naye angesema hayo ndiyo yanayotokea dola ikiwaacha watu wajilinde. Wote wawili wangekuwa na haki, na kwa sababu hiyo sioni maana ya kuchagua mmoja na kumtupa mwingine.

Somo ninalolichukua Kahama ni kwamba watu hudai usalama kutoka kwa dola kabla hawajadai kitu kingine, na ukikosekana huuzalisha wenyewe kwa gharama mbaya. Asiyelijua hilo asituhubirie haki za binadamu, kwa sababu ametusahau sisi tulioibiwa. Lakini mkutano wa kijiji wa Sungusungu ulikuwa na kitu ambacho vyombo vingi vya usalama katika ukanda wetu havina: kiongozi alisimama mbele ya waliomchagua na kuulizwa ng'ombe wa fulani wamepatikana au hawakupatikana.

Katiba zetu zinajua haya. Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania inataja ustawi wa wananchi kuwa lengo kuu la Serikali. Usalama umo ndani ya ustawi huo. Ibara ya 238 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inapoeleza usalama wa taifa inaanza na mipaka na mamlaka ya nchi, kisha inawataja watu, haki zao, uhuru wao na mali zao kuwa ndivyo vinavyolindwa, na inauweka usalama huo chini ya Katiba na Bunge. Maandishi hayana kasoro kubwa. Kasoro iko kwenye kawaida tuliyoizoea: lengo ambalo serikali hulitaja kuliko yote ndilo lisiloruhusiwa kukaguliwa. Waziri wa maji huulizwa visima vingapi vimechimbwa na vingapi vinatoa maji. Waziri wa elimu huulizwa matokeo ya darasa la saba. Swali likifika kwenye usalama, tunaambiwa ni siri, na mwuliza swali huanza kutazamwa kama mshukiwa.

Siri za operesheni ni za lazima, na hakuna mwenye akili anayetaka mpango wa doria usomwe redioni. Matokeo si siri. Ni watu wangapi wameuawa wilayani mwaka huu na nani amefikishwa mahakamani, wangapi wametoweka na uchunguzi umefikia wapi, askari walitumia dakika ngapi kufika baada ya kupigiwa simu, wangapi kati yao wameshitakiwa kwa kuumiza raia: hayo yanaweza kujibiwa hadharani bila adui kufaidika na chochote. Wabunge wa Dodoma na wa Nairobi hupitisha mafungu ya ulinzi na usalama kila mwaka wa fedha. Wayaulize maswali hayo kabla ya kusema ndiyo, na wasipopewa majibu, wayazuie mafungu hayo.